Acheni kumimina konstanti ndani ya fanksheni!

Leo sina habari za simu mpya wala za bei ya bando. Leo nina ugomvi. Nina ugomvi na kila mtu anayeandika kompaila, iwe ya kazini, ya darasani au ya kujifurahisha usiku wa manane, halafu akifika kwenye stringi na arei ambazo thamani yake haibadiliki anasema, "Hili ni dogo, tutalirekebisha baadaye." Si dogo hata kidogo. Limewahi kumkata mtu pesa zake za wiki, na aliyeandika msimbo uliomkata ni mimi. Nitafika huko, nivumilieni.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Kompaila nyingi hazitoki kwenye maandishi ya programu na kuruka moja kwa moja hadi amri za mashine. Katikati kuna lugha nyingine, msimbo wa kati, ambao kompaila hujiandikia yenyewe ili iusafishe na kuupanga kabla ya kuushusha kwenye tarakilishi husika. LLVM ina msimbo wake, Java ina baitikodi, .NET nayo ina wake. Ukiandika namba 5 kwenye programu, msimbo wa kati huibeba ndani ya amri yenyewe: jumlisha 5, mambo yakaisha. Lakini stringi na arei ni vitu virefu. Vinahitaji kukaa mahali kwenye kumbukumbu, na anayevitumia hupewa anwani ya mahali hapo. Ni mahali gani? Nani anaruhusiwa kuandika hapo? Urefu wake nani anaujua? Hayo ndiyo maswali watu wanayakwepa.

Na ninajua kwa nini wanayakwepa. Wengi wetu tulijifunza LLVM kwa mafunzo yake rasmi, yale ya lugha ndogo inayoitwa Kaleidoscope. Ni mafunzo mazuri, sina neno. Lakini Kaleidoscope ina aina moja tu ya thamani, namba ya desimali ya biti 64. Haina stringi. Haina arei. Unamaliza sura zote, unajiona fundi, na hujawahi hata siku moja kuuliza neno "Habari" litakaa wapi. Halafu unaanza lugha yako mwenyewe, unafika kwenye stringi ya kwanza, na unafanya kile ambacho mikono yako imezoea: unatoa amri. Matokeo ni haya, na nimeyaona kwa macho yangu kwenye misimbo ya vijana zaidi ya mmoja:

    define ptr @salamu() {
      %s = alloca [7 x i8]
      store i8 72, ptr %s
      %p1 = getelementptr i8, ptr %s, i64 1
      store i8 97, ptr %p1
      ...
      ret ptr %s
    }

Hiyo 72 ni H, 97 ni a, na kadhalika mpaka baiti ya saba ambayo ni sifuri ya mwisho. Mwandishi ameomba nafasi kwenye steki, akaijaza herufi moja moja, akarudisha anwani. Akaijaribu, ikachapisha Habari. Akafurahi, akalala.

Ndugu yangu, hapo una makosa mawili, na la kwanza ndilo dogo. Kila fanksheni hiyo ikiitwa, mashine inaandika upya kitu ambacho kompaila ilikijua tangu jana. Ukiiita mara milioni, umeandika Habari mara milioni. Kosa la pili ni la kuvunja nyumba: umerudisha anwani ya steki ya fanksheni ambayo imekwisha. Fanksheni ikishatoka, nafasi ile si yake tena. Ikichapishwa papo hapo huenda herufi bado zipo, kama vyombo vya mpangaji aliyehama jana. Ukiita fanksheni nyingine katikati, mpangaji mpya ameingia, na salamu yako inageuka takataka. Jaribio lako dogo halikuonyesha hivyo kwa sababu jaribio lako lilikuwa dogo.

Hapa ndipo mtu huniambia, "Wacha wasiwasi, optimaiza itarekebisha." Optimaiza si mchungaji wa kuungamia. Inaweza kuunganisha maandiko ya baiti moja moja kuwa andiko moja pana, hilo kweli. Lakini haiwezi kufufua steki iliyokufa. Kazi yake ni kulinda maana ya msimbo uliouandika, na wewe umeandika msimbo usio na maana. Itaulinda vivyo hivyo.

Njia iliyonyooka ni mstari mmoja, nje ya fanksheni zote:

    @.s0 = private unnamed_addr constant [7 x i8] c"Habari\00"

Halafu ndani ya fanksheni unaandika ret ptr @.s0, basi. Ukikuta mafunzo ya zamani yanakulazimisha kupitia getelementptr yenye sifuri mbili ili kupata pointa ya herufi ya kwanza, jua ni ya enzi za pointa zenye aina. LLVM 15 ya mwaka 2022 ilizifanya pointa zisizo na aina kuwa za kawaida, na LLVM 17 ya mwaka 2023 ikazifuta zile za zamani kabisa. Kwa hiyo hata kisingizio cha kwamba njia hii ina maneno mengi hakipo tena. Hesabu mistari mwenyewe: njia mbaya ndiyo ndefu.

Tazama maneno matatu yaliyo katikati ya mstari huo, kwa sababu kila moja ni ahadi unayoitoa. Neno private linasema jina hili ni la humu ndani tu, lisiende kugongana na majina ya faili nyingine. Neno unnamed_addr linasema anwani yake haina umuhimu, kilicho muhimu ni yaliyomo, kwa hiyo stringi nyingine yenye herufi zile zile inaweza kuunganishwa na hii. Neno constant linasema hakuna atakayeandika hapa, kamwe. Ukiandika global badala ya constant, programu itafanya kazi vile vile, na ndiyo maana watu hawajali. Lakini stringi yako sasa imetoka kwenye sehemu ya kusomwa tu, ile inayoitwa .rodata kwenye Linux, ikahamia kwenye sehemu inayoandikika. Umeacha mlango wazi.

"Optimaiza itagundua kwamba haiandikwi." Wakati mwingine, naam. Lakini mara tu unapoipitisha pointa ile kwa fanksheni ya nje ambayo kompaila haioni ndani yake, haiwezi tena kuapa kwamba huko nje hakuna anayeiandika. Na stringi nyingi zinafanya kazi gani kama si kupitishwa nje zikachapishwe? Wewe peke yako ndiye uliyejua kwamba ni konstanti, kwa sababu wewe ndiye uliyeiona kwenye maandishi ya mtumiaji ikiwa kati ya alama za kunukuu. Usiposema wewe, hakuna atakayejua baada yako.

Kwa nini mlango ufungwe? Kwa sababu konstanti zikishaunganishwa, watu wawili wanaishi nyumba moja bila kujuana. Tuseme programu ina "Karibu" kwenye ukurasa wa kwanza na "Karibu" kwenye risiti. Kompaila imeweka moja tu. Sasa mtu anabadilisha herufi ya kwanza kwenye risiti, na ukurasa wa kwanza nao unabadilika. Wazee wa FORTRAN wanalijua jambo hili vizuri kuliko sisi. Kompaila za zamani za lugha hiyo zilipitisha kila kitu kwa anwani, hata konstanti. Ukiita utaratibu ukaupa namba 4, na utaratibu ule ukabadilisha kile ulichopewa, basi kuanzia hapo 4 kwenye programu yako ingeweza kuwa 5. Fikiria kutafuta kosa kwenye programu ambayo nne si nne!

Na lugha ya C? GCC ilikuwa na swichi ya -fwritable-strings, iliyokuruhusu kuandika juu ya stringi za konstanti ili programu za kale ziendelee kuishi. Ilifutwa kwenye GCC 4.0, mwaka 2005. Walioifuta walifanya jambo jema. Leo ukijaribu kuandika kwenye .rodata juu ya Linux, programu inauawa palepale, na unaona mstari uliokosea. Afadhali programu ife mchana kweupe kuliko iendelee kuishi ikisema uongo.

Nikiwa bado kwenye kuunganisha, niseme na upande wa pili: usimwahidi mtumiaji wa lugha yako kwamba stringi mbili zinazofanana zina anwani moja. Kwenye C jambo hili halikuamuliwa, kompaila iko huru kuunganisha au kuacha. Java yenyewe imeahidi kwamba stringi za konstanti zinazofanana ni kitu kimoja, na tunajua matokeo yake: mwanafunzi analinganisha stringi kwa alama ya ==, inafanya kazi kwenye majaribio kwa sababu zote ni konstanti, halafu inakataa siku ile stringi mojawapo inapotoka kwenye kibodi. Kuunganisha ni siri ya ndani ya kompaila. Acha ibaki siri.

Sasa urefu. Hapa tuna ushahidi wetu wa nyumbani. Watu husema Kiswahili hakina taabu na herufi kwa sababu kinaandikwa kwa alfabeti ya kawaida. Haya, andika ng'ombe. Ukiiandika kwa alama iliyonyooka ni herufi 7, baiti 7. Lakini programu nyingi za kuandikia hukugeuzia alama ile kuwa iliyopinda, ng’ombe, na alama iliyopinda kwenye UTF-8 ni baiti 3. Herufi bado ni 7, baiti zimekuwa 9, na pamoja na sifuri ya mwisho ni 10. Kompaila iliyohesabu herufi badala ya baiti itaandika [8 x i8] mbele ya data yenye baiti 10. Ukiwa unaandika msimbo wa kati kama maandishi, LLVM itakataa kwa sababu aina hazilingani, na ushukuru. Ukiwa umejitengenezea msimbo wako mwenyewe usio na ukaguzi, ng'ombe wako atakatwa mkia na huenda asiwe na sifuri ya mwisho, na atakayemsoma ataendelea kusoma mpaka zizi la jirani.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba urefu usafiri pamoja na stringi. Go na Rust hufanya hivyo: stringi ni jozi ya pointa na urefu kwa baiti. Kompaila inaujua urefu wakati inapoiweka konstanti, basi iuandike hapo hapo, badala ya kumwacha kila msomaji ahesabu upya akitafuta sifuri. Na mtumiaji akitia baiti ya sifuri katikati ya stringi yake, hakuna kinachopotea.

Sasa tufike kwenye arei, na kwenye aibu yangu.

Miaka kadhaa iliyopita nilifanya kazi kwa chama kimoja cha ushirika cha matatu, sitakitaja. Walikuwa na steji 110, na walichoka na mabishano ya nauli. Walitaka kifaa mkononi mwa makanga: unabonyeza abiria anakotoka, unabonyeza anakokwenda, nauli inatokea. Nikawaandikia lugha ndogo ya kueleza nauli, pamoja na kompaila iliyotoa msimbo wa Java. Jedwali lote la nauli lilikuwa arei moja: 110 mara 110, yaani nauli 12,100.

Baitikodi ya Java ina hazina ya konstanti inayojua namba na stringi. Arei haimo. Ukiandika arei ya namba zinazojulikana, javac hugeuza kila kipengele kuwa amri nne: rudufisha rejeleo la arei, weka indeksi, weka thamani, hifadhi. Ukishapita indeksi ya 127, hiyo ni baiti 8 kwa kila kipengele, au 7 kama thamani haizidi 127. Na methodi moja hairuhusiwi kuzidi baiti 65,535. Piga hesabu. Hata kwa baiti 7 kila moja, nauli zangu zilikuwa zinakaribia baiti 84,700. Ijumaa jioni, mfumo uanze Jumatatu asubuhi, javac ikanikatalia kwamba msimbo ni mkubwa mno.

Kijana niliyekuwa naye akaniambia, "Kaka, hili jedwali si tungeliweka tu kwenye faili?" Nikamwambia hakuna muda. Mtanisamehe, lakini ndivyo nilivyosema. Nikabadilisha kompaila igawanye arei katika methodi tano, kila moja vipengele 2,420. Na kwa haraka yangu, sehemu ya pili nikaianzisha kwenye indeksi ya 2,421 badala ya 2,420.

Haraka haraka haina baraka, tuliambiwa tangu chekechea. Angalia uzuri mbaya wa kosa hili. Sehemu nzima ya pili ilisogea nafasi moja. Kipengele chake cha mwisho kilimwagika mwanzoni mwa sehemu ya tatu, na sehemu ya tatu ikaandika juu yake, kwa hiyo arei haikuzidi mipaka na Java haikulalamika. Kwa steji 22, kuanzia ya 23 hadi ya 44, kifaa kilitoa nauli ya steji iliyotangulia ile uliyobonyeza. Ukienda mbele, unatozwa pungufu kidogo. Ukirudi nyuma, unatozwa zaidi kidogo. Tofauti ya shilingi kumi, ishirini. Nani ataona?

Aliyeona ni makanga. Kifaa kilirekodi safari, na ofisi ikapiga hesabu ya fedha kwa karatasi yake ya nauli, ile iliyo sahihi. Pesa zilizopungua, makanga anakatwa. Pesa zilizozidi, abiria wanamtukana yeye. Mmoja wao, mtu mzima anayenizidi umri, alikatwa shilingi 1,340 ndani ya wiki moja. Akaja ofisini na daftari la shule alimokuwa ameandika kila nauli kwa kalamu, akanionyesha. "Kijana," akasema, "mashine yako inasema kutoka steji ya 23 kwenda steji ya kwanza ni bure. Mimi ningekubeba bure?"

Indeksi ya 2,420. Steji ya 23, nauli ya kwanza. Hakuna aliyeiandika, kwa hiyo ilibaki sifuri. Mtu asiyejua baitikodi ni nini alilipata kosa langu kwa kalamu na daftari. Alirudishiwa pesa zake, na wenzake pia. Mimi nilirudi nyumbani nikiwa nimenyamaza.

Mtaniambia kosa lilikuwa uzembe, si muundo. Nakataa. Uzembe upo siku zote, ni kama vumbi. Muundo ndio unaoamua uzembe utafika wapi. Jedwali lilipokuwa amri 48,400 zilizotapakaa kwenye methodi tano, hapakuwa na mahali ambapo ungeweza kusimama ukauliza, "Je, vitu vyote vipo?" Nililibadilisha baada ya hapo: kompaila ikaandika nauli kwenye faili moja ya data ndani ya kifurushi cha programu, baiti 2 kwa kila nauli, jumla baiti 24,200, ikitanguliwa na idadi na namba ya ukaguzi. Programu inaisoma mara moja inapoanza, na idadi isipolingana inakataa kuanza. Chini ya theluthi moja ya ukubwa wa amri zile, na inaweza kukaguliwa. Yaani kile kile alichosema kijana Ijumaa ile.

Wala si mimi peke yangu niliyegonga ukuta huu. JFlex, inayotengeneza visoma maneno vya Java, hufunga majedwali yake ndani ya stringi za konstanti kisha huyafungua programu inapoanza. Ni ujanja unaofanya kazi, ingawa nao una mpaka: stringi ya konstanti kwenye faili ya class haizidi baiti 65,535, na herufi ya sifuri hula baiti mbili. Swali langu ni hili: kwa nini mtu alazimike kujificha? Waliobuni faili za dex za Android waliweka amri ya fill-array-data, data yote ya arei ikikaa mahali pamoja na kunakiliwa kwa amri moja. Kompaila ya C# nayo huweka baiti za arei kama data kwenye faili na kuita utaratibu mmoja wa kuzinakili. Waliofikiria konstanti kama data waliipa chumba. Wasiofikiria walituachia sisi tulale sebuleni.

Kwenye LLVM chumba kipo, kwa hiyo huna kisingizio. Arei ya konstanti inaandikwa nje ya fanksheni kama ile stringi. Kama mtumiaji anaisoma tu, mpe anwani yake, usinakili chochote. Kama ni arei ya ndani ambayo ataibadilisha, weka nakala asilia kama konstanti na toa memcpy moja kuingia kwenye steki. Clang hufanya hivyo hivyo kwa arei kubwa kiasi za C. Na kama ni arei ya kubadilika iliyojaa sifuri, andika zeroinitializer, usiorodheshe sifuri milioni moja, itakaa kwenye.bss na haitachukua nafasi kwenye faili ya programu.

Kuna wanaojibu kwamba kumbukumbu siku hizi ni bei rahisi. Nenda ukawaambie hivyo wanafunzi wanaocheza na Arduino Uno yenye ATmega328P. Kichakataji hicho kina kilobaiti 32 za flash na kilobaiti 2 tu za kumbukumbu ya kufanyia kazi. Flash iko kwenye eneo lake la anwani, kwa hiyo stringi za kawaida za C hunakiliwa kwenye zile kilobaiti 2 kifaa kinapowashwa, mpaka mwandishi aseme waziwazi kwa PROGMEM zibaki kwenye flash. Ujumbe 30 wa baiti 60 kila mmoja ni baiti 1,800. Una baiti 2,048. Kilichobaki ndicho cha steki na kila kitu kingine. Pampu ya maji ya shamba inazimika ovyo, na mkulima analaumu betri.

Niwe mwadilifu, kuna mahali ambapo wapinzani wangu wana hoja. Arei ya baiti mbili au nne inaweza kuwa nafuu zaidi ikiwa ndani ya amri, kwa kuwa inatosha kwenye rejista na hakuna haja ya kwenda kuisoma mbali. Kweli kabisa. Lakini uamuzi huo ni wa hatua ya mwisho, inayojua mashine. Ukiipa LLVM konstanti ndogo na memcpy, yenyewe itaigeuza kuwa namba ndani ya amri ikiona inafaa. Kutoka data kwenda amri kuna barabara ya lami. Kutoka amri kurudi kwenye data ni kichaka, na mara nyingi hakuna njia kabisa.

Basi niwaachie kanuni, wasomaji wangu, zinaenea kwenye kiganja. Kompaila yako ikiona konstanti ndefu, iiweke nje ya fanksheni. Iweke jedwali la zile ilizokwisha kuziweka, ili kila moja iandikwe mara moja tu. Izifunge zisiandikike. Iandike urefu wake kwa baiti, ikiwa bado inaujua. Na isimwahidi mtu yeyote anwani. Ni kazi ya mchana mmoja, nimeipima kwa saa yangu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwenye kazi yetu hii anayebebeshwa mawe ya ukuta huo mara nyingi si mwandishi wa kompaila. Ni mtu aliyesimama mlangoni mwa matatu, ameshika kifaa ulichompa, anaamini kwamba nauli inayosomeka pale ndiyo nauli.

Anayeona nimekosea aje na msimbo wake, tuusome pamoja. Lakini asiniambie habari za optimaiza.